Asilimia 92 Ilikausha Miche ya Aunty Yangu

Wasee, leo sina vichekesho. Nimekuja kufuta kitu niliwafunza mimi mwenyewe, na nikimaliza kujilaumu nitawalaumu pia wale wengine wote wenye bado wanakifunza.

Mwaka jana niliweka video ya dakika nne. Nilisema hivi: kama uko na betri ya volti 12 na unataka kuendesha mikrokontrola, wachana na regulata ya 7805, hiyo inachoma umeme bure. Nenda Luthuli, nunua moduli ya LM2596, ufanisi wake ni asilimia 92, maneno kwisha. Hiyo video ilipendwa kuliko zote nilikuwa nimeweka. Watu waliniita fundi. Wengine walinitumia picha za kazi zao. Na hiyo asilimia 92 sikuwa nimeipima hata siku moja. Niliitoa kwa tangazo la muuzaji nikaisoma kama Biblia.

Kabla mtu aandike kwenye komenti "hii ndio shida ya kuacha chuo", ngoja nimalize. Ni kweli niliacha uhandisi mwaka wa pili, karo ilikataa. Lakini hili kosa halikutoka kwa kuacha chuo. Lilitoka kwa kutopima, na nimeona watu wenye digrii wakilifanya vilevile.

Sasa sikiza vile ilienda.

Aunty yangu anaishi Makueni, nje kidogo ya Wote. Ako na kitalu cha miche ya maembe, ile ya kupandikizwa, na huwa anaiuza mvua ya Novemba ikikaribia. Maji yake yako kwa tenki moja kubwa, na laini yenye inaijaza hufunguliwa siku mbili tu kwa wiki. Mtu wa Ukambani hahitaji kuelezewa maana ya tenki kukauka kabla siku yako ifike. Nikamwambia, "Aunty, usipande ngazi tena kuangalia maji. Nitakuwekea kifaa. Tenki ikishuka robo kitakutumia ujumbe, wewe unapigia tu kijana wa punda."

Mwisho wa Agosti nikashuka Wote na boksi langu. Ndani: bodi ya ESP32, sensa ya kupima kimo cha maji, modemu ya kutuma ujumbe, LM2596 ya kushusha volti 12 hadi 5, na betri ya ampea-saa 7, ile ya UPS. Mpango ulikuwa safi. ESP32 inalala, inaamka kila nusu saa, inapima, inalala tena. Kwa usingizi mzito chipu ya ESP32 inakula karibu maikroampea 10. Nikapiga hesabu kwa kichwa nikamwambia betri itamaliza mwaka mzima. Nilisema hivyo mbele ya majirani.

Haikumaliza hata mwezi.

Wiki ya mwisho ya Septemba Aunty alileta mzee wake hospitalini Nairobi, akakaa huku siku sita. Ujumbe haukuja, kwa hivyo akajua tenki iko sawa. Kumbe mpira wa dripu ulikuwa umechomoka, maji yakamwagika kando ya ua, na kifaa changu kilikuwa kimezima siku nyingi kabla. Jua la Septemba la Makueni unalijua ama hulijui. Aliporudi, miche karibu 400 ilikuwa imekauka. Hakunipigia kelele. Alinipigia simu akasema, "Kijana wangu, si ulisema hii kitu itaniambia?"

Ningependa angenitusi.

Nilirudi na boksi Nairobi, nikaweka betri mpya, nikaunganisha multimita katikati ya betri na kifaa, nikangoja kilale. Nilikuwa natarajia namba ndogo sana. Multimita ikasoma miliampea 12.

Miliampea 12 ni maikroampea 12,000. Mimi nilikuwa nahesabu 10. Yaani kile nilikuwa nahesabu kilikuwa chini ya sehemu moja kwa elfu ya kile betri ilikuwa inatoa. Betri ya ampea-saa 7 ni miliampea-saa 7,000. Gawa kwa 12, unapata saa 583, siku 24. Hii ni hesabu ya shule ya msingi na ingeokoa miche yote.

Nikaanza kutoa kitu kimoja kimoja. Kuna taa nyekundu ndogo ya bodi, inawaka usiku na mchana ndani ya boksi lililofungwa, haimwangazii mtu. Kuna regulata ya AMS1117 iliyo juu ya bodi, hiyo peke yake inakula karibu miliampea 5 hata kama hailishi chochote. Kuna chipu ya USB, yenye haina kazi yoyote juu ya tenki. Kuna modemu iliyokuwa "imelala" lakini jicho moja liko wazi. Mwishowe nikang'oa kila kitu, nikaacha LM2596 peke yake mezani. Upande mmoja betri, upande ule mwingine hakuna hata waya. Multimita ikasoma karibu miliampea 6.

Nusu ya umeme wote ilikuwa inakulwa na kile kitu nilinunua ili kuokoa umeme.

Na hakuna mtu alinificha. Karatasi ya data ya LM2596 iko wazi: inakula miliampea 5 kwa kawaida, inaweza kufika 10, kwa sababu tu imewashwa. Karatasi hiyo hiyo inasema ukishusha volti 12 hadi 5 ufanisi ni kama asilimia 80, na hapo imepimwa ikivuta ampea 3. Ampea tatu! Hiyo 92 ya tangazo haikuwa hata ya kazi yangu.

Hapa ndipo nataka mnielewe, kwa sababu ndio kiini cha kelele yangu yote.

Regulata yoyote inakukata mara mbili. Kata ya kwanza ni asilimia ya kile unatumia. Kata ya pili ni ada ya kudumu, unalipa utumie usitumie, kama akaunti ya benki yenye inakatwa kila mwezi hata kama hujaweka kitu. Tangazo linakuonyesha kata ya kwanza peke yake. Ukiwa unavuta ampea nzima, ni sawa, kata ya kwanza ndiyo kubwa. Lakini kifaa chenye kinalala karibu siku nzima hakijali asilimia. Kinauawa na ada.

Weka namba. LM2596 kwa volti 12 na miliampea 5 inakula miliwati 60 kabla ifanye kazi yoyote. Chipu iliyolala kwa volti 3.3 na maikroampea 10 inahitaji miliwati 0.033. Gawa. Ufanisi wa kweli hapo hauko karibu na asilimia 92. Uko karibu na asilimia 0.05. Ni kama kuacha mat ya watu 33 ikinguruma stage usiku kucha ndio kondakta achaji simu.

Sasa angalia ile tuliyofunzwa kuidharau, regulata ya kawaida, ile haina koili, inateremsha volti kwa kuchoma zilizobaki. Kutoka 12 hadi 3.3 ufanisi wake hauwezi kupita asilimia 27.5. Kwa karatasi inaonekana aibu. Lakini kuna aina ndogo, kama HT7533, yenye ada yake ya kudumu ni maikroampea 2 na nusu hivi. Ikilisha chipu ya maikroampea 6, inachoma volti 8.7 mara 6, karibu maikrowati 52. Ongeza ada yake, maikrowati 30. Jumla hata haifiki miliwati 0.1. Ile nyingine inakula 60. Yenye asilimia mbaya inashinda yenye asilimia nzuri zaidi ya mara mia sita.

Soma tena hiyo sentensi, halafu uniambie ni mangapi umeona mtandaoni yanakwambia "tumia konvata daima, regulata ya kawaida ni ya washamba".

Kwa hivyo nilijenga upya, na hivi ndivyo nilifanya, mkitaka kuiga.

Ubongo: nilitoa bodi ya ESP32 nikaweka ATmega328P, chipu ile ile iko kwa Arduino Uno, lakini peke yake bila bodi. Haina WiFi, na juu ya tenki la Makueni sikuwa na WiFi ya kuunganisha. Ikilala huku saa yake ya ndani ikiendelea, inakula maikroampea chache tu. Hiyo saa inaweza kungoja sekunde 8 kwa mara moja, basi inaamka, inahesabu moja, inalala. Ikifika 225, nusu saa imetimia.

Umeme wa ubongo: HT7533, inavumilia volti 24. Tafadhali usichanganye na HT7333 yenye inafanana kwa jina, hiyo mwisho wake ni volti 12, na betri ya "volti 12" ikichajiwa hupanda hadi 14 na kitu. Utaichoma siku ya kwanza. Pia jua HT7533 inatoa miliampea 100 pekee. Ukiweka ESP32 yenye WiFi hapo, itajizima kila ikijaribu kuongea.

Walafi: modemu ikituma ujumbe inaweza kuruka hadi ampea 2 kwa muda mfupi. Hapo hakuna regulata ndogo itaweza, na hapo LM2596 ni shujaa. Sikuitupa. Niliiweka nyuma ya mlango, yaani transista aina ya MOSFET inayokata laini ya volti 12 kabisa, pamoja na transista nyingine ndogo ya kuiendesha, kwa sababu pini ya volti 3.3 haiwezi kuizima moja kwa moja. Sensa nayo nikaipa mlango wake. Ubongo unafungua, kazi inafanyika, ubongo unafunga. Ada ya miliampea 5 nalipa sekunde chache, si siku nzima.

Kitu kidogo chenye karibu kinimalize tena: ili kujua betri iko volti ngapi, unatumia resista mbili. Mafunzo mengi yanakupa 10k na 3.3k. Piga hesabu: volti 12 kwa jumla ya 13.3k ni karibu miliampea 0.9, saa zote. Hizo resista mbili zingekula mara mia na zaidi kuliko ubongo wote. Mimi nilitumia 1M na 220k, na kapasita ya 100nF ya kutuliza, ikawa maikroampea 10.

Jumla ya usingizi sasa: karibu maikroampea 20. Ilikuwa 12,000.

Na hapo nikasimama, kwa sababu kuna watu wengine watataka kushuka hadi 2. Usijisumbue. Betri ya asidi inajimaliza yenyewe ikikaa bure. Ukichukua asilimia 3 kwa mwezi, ya ampea-saa 7, ni miliampea-saa 210, sawa na miliampea 0.29 kila saa. Hiyo ni zaidi ya mara kumi ya kifaa changu chote kikilala. Kuanzia hapo adui ni betri yenyewe, na dawa ni kuichaji mara moja kila miezi sita.

Najua komenti zinakuja. Wacha nizijibu mapema.

"Si uweke tu betri kubwa." Betri mara mbili ingenipa siku 48 badala ya 24, kwa pesa mara mbili. Na nani analipa? Si wewe kwenye komenti.

"Si uweke solar." Solar ni sawa, hata mimi naweza kuongeza ndogo. Lakini ukiiweka juu ya kifaa chenye kinavuja miliampea 12, kila siku inabidi irudishe miliampea-saa 288 ndio kifaa kiweze kulala tu. Julai mawingu yakikaa wiki mbili, ama vumbi lijae juu ya paneli, ama paneli itembee usiku, umerudi kwa siku zako 24. Solar haikurekebishii uvujaji. Inauficha hadi siku utaihitaji zaidi.

"Tumia seli ya lithiamu ya volti 3.7." Kama unaanza na mfuko umejaa, ni wazo zuri, unapunguza shida yote hii. Lakini angalia kile watu wako nacho nyumbani: betri ya UPS ya zamani, betri ya boda, betri ya solar ya nyumba, betri ya alamu. Zote volti 12. Kufunza teknolojia ya watu huku ukidharau betri zenye wako nazo ni kiburi.

"Kwani LM2596 ni mbaya?" Zii. Ukitaka kutoa ampea moja kwa volti 5 kutoka volti 12, regulata ya kawaida itachoma wati 7 na utakaangia mayai. Hapo chukua konvata bila kufikiri. Na ziko konvata za kisasa zenye ada yao ni maikroampea kumi na kitu. Kwa hivyo swali siyo aina gani ni bora. Swali ni moja: ikiwa imelala, inakula nini?

Hilo ndilo swali hatuulizi, sisi tunaotengeneza video. Tunapiga picha kifaa kikiwa macho, taa zinawaka, skrini inaonyesha namba, tunasema "smart shamba" na muziki nyuma. Hakuna mtu anarudi siku ya 25 na kamera. Na mtu anayeumia siku ya 25 hana akaunti ya kukujibu. Yeye anakuamini kwa sababu umeongea kwa ujasiri, na sisi tumejifunza kuongea kwa ujasiri haraka kuliko tulivyojifunza kupima.

Na tuseme ukweli, multimita si kitu cha kutuzidi. Tunanunua taa ya pete ya kuangaza sura kabla tununue chombo cha kujua kama tunasema ukweli.

Kwa hivyo kwa wenzangu wote wenye mnafunza hii kitu, naomba sheria moja. Usiweke video ya kifaa cha betri bila kuonyesha multimita ikisoma kifaa kikiwa kimelala, betri ikiwa ile ile unasema watu watumie. Kama unapima kwa maikroampea, ziba multimita na waya mfupi kifaa kikiamka, kikilala ndio utoe waya, la sivyo multimita itakibana na kitajizima. Inachukua dakika mbili. Kama namba ni mbaya, ionyeshe hivyo hivyo.

Na kama wewe ni mtazamaji, ukiona mtu anasema "asilimia 92", mwandikie swali moja tu: kwa mzigo gani? Akinyamaza, endelea na safari.

Video yangu ya zamani sijaifuta. Nimeandika juu yake kwamba ni uongo na nikaelekeza watu hapa, kwa sababu kuifuta ingekuwa kujificha. Miche ya Aunty nimelipa 150, deni la iliyobaki naendelea nalo. Kifaa kipya kiko juu ya tenki, na nimekiongeza tabia moja yenye cha kwanza hakikuwa nayo: kila asubuhi saa moja kinatuma ujumbe kwake na kwangu, kimo cha maji na volti za betri, hata kama hakuna shida. Kikinyamaza, tunajua kimekufa, hatudhani kila kitu kiko poa.

Leo asubuhi kimesema 12.6.

Sasa wewe chukua chako, kilaze, kipime, uniwekee namba hapa chini. Hata kama ni ya aibu. Yangu ilikuwa 12,000.